Pini Sita Mdomoni

Kabla hajakatwa pua, fundi huyu aliweza kupiga magoti nyuma ya bibi harusi akiwa na pini sita mdomoni, akaanzia kiunoni, akashuka mpaka kwenye pindo, akalizunguka gauni lote bila kutema hata moja. Midomo imebana pini, mikono yote miwili iko kwenye kitambaa, na kupumua ameiachia pua. Hakuwahi kuifikiria kazi hiyo. Nani hukaa chini akaifikiria pua yake inavyopumua? Mtu huanza kuifikiria siku inapogoma.

Na kwa kuwa mwenye pini mdomoni hawezi kusema, alijibu kila kitu kwa kuguna. Mteja akilalamika kwamba gauni linambana kwapani, "Mhm." Mteja akisema mama mkwe mtarajiwa anamtazama kwa jicho la pembeni, "Mhm." Alikuwa nazo za kila namna: mhm ya ndiyo, mhm ya pole, mhm ya endelea nakusikia, na ile ndefu ya kupanda na kushuka ambayo maana yake ni haya sasa makubwa. Watu wakambandika jina, Fundi Mhm, likamganda. Wanawake walipanda ngazi mpaka kwenye chumba chake cha kazi wakisema wamekuja kujaribu nguo, na nusu yao walikuja kutua mizigo. Walimwaga yote. Mtu aliyefunga mdomo na yuko nyuma ya mgongo wako anaaminika kuliko dada yako wa kuzaliwa.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, hana mume wala mtoto, na alilala kwenye chumba kidogo kilichopakana na kile cha kazi, mlango mmoja tu katikati. Shela alikuwa amewavalisha wanawake wengi hata hesabu ilimpotea. Yeye aliivaa kwa kuijaribu tu, aone kama inakaa, kisha akaivua na kuipiga pasi.

Pua ilikuwa ya baba yake. Pana, imekaa imara katikati ya uso, matundu yake makubwa, pua ya mtu ambaye hajawahi kukosa hewa. Mdogo wake wa kike aliponea chupuchupu, akachukua kijipua cha mama yao. Lakini pua ya mzee haikukubali kupotea, ikaruka ikatua kwa binti wa huyo mdogo mtu. Tangu akiwa na miaka saba binti huyo alitoka shule moja kwa moja hadi kwa mama yake mkubwa, akakaa chini ya meza ya kukatia akiokota vipande vya kitambaa. Wateja wakiwaona pamoja walicheka, wakasema, "Fundi, huyu umemzaa wewe, dada yako alikubebea tu."

Fundi aliguna, "Mhm." Ile ya kufurahi.

Miaka ishirini chumba hicho kilikuwa na kioo kimoja bapa ukutani, na fundi akiinua kichwa kutoka kwenye pindo aliona gauni, basi. Kisha akaamua kwenda na wakati. Akaleta kioo kikubwa chenye mabawa mawili, cha kumwezesha bibi harusi kuuona mgongo wake bila kuvunja shingo. Siku ya kwanza alipokuwa amepiga magoti alitupa jicho kwenye bawa la kushoto, akashtuka, akadhani kuna mtu ameingia. Alimwona mwanamke wa makamo aliyepiga magoti sakafuni, kaonekana kwa ubavu, na pua imemtangulia.

Ndiyo hivyo. Mtu anaweza kuishi na sura yake kwa amani miaka arobaini na kitu, kumbe ni kwa sababu hajawahi kuiona kwa upande.

Tangu siku hiyo hakupumzika. Kutwa nzima maharusi walijitazama wenyewe, kila mmoja kazama kwenye uzuri wake, wala hapakuwa na hata mmoja aliyemtazama yeye. Yeye ndiye aliyejitazama. Kisha bibi harusi mmoja akampelekea picha za sherehe kwa shukrani. Mojawapo fundi aliikumbuka vizuri, kwa sababu alikuwa pale dakika ileile, ameinama akiinyoosha shela. Kwenye picha shela ilikuwepo, imenyooka. Yeye hakuwepo. Mpiga picha alikuwa amemfuta, na pale palipokuwa na uso wake paliwekwa kopo la maua. Yule bibi harusi hakuwa na ubaya wowote, pengine hata hakujua. Lakini fundi aliikodolea macho ile picha mpaka chai yake ikapoa, akilitazama kopo la maua, akaamini kwamba sababu ni pua. Alikuwa mpweke, na mpweke akipata kitu cha kukilaumu hukishika kwa mikono miwili.

Akafunga duka majuma matatu. Aliwaambia wote, mdogo wake akiwa wa kwanza, kwamba anakwenda kwenye mafunzo ya mitindo mipya.

Daktari wa urembo alikuwa mtu mpole mwenye vidole virefu. Alimkalisha kwenye kiti, akamchora puani kwa kalamu ya wino, akampa kioo cha mkononi. "Napunguza hapa na hapa, kidogo. Mabadiliko utayaona."

Fundi alivitazama vile vistari. Alivijua. Yeye mwenyewe huvichora kwa chaki kila siku ya Mungu. "Punguza zaidi," akasema.

"Zaidi ya hapa sikushauri."

"Daktari, mimi ni fundi. Kitu kikipunguzwa nusunusu kinakaa vibaya. Hamisha mstari uje huku ndani."

Daktari alicheka, akamweleza habari za hatari, akampa karatasi ya kutia saini, akauhamisha mstari.

Hapa ndipo mtu anatamani kumshika fundi mabega na kumtikisa. Maana hakuna aliyeijua hatari hiyo kuliko yeye. Bibi harusi gani hakuwahi kumwambia bana zaidi, fundi, bana mpaka mwisho? Na siku zote fundi alichomoa pini mdomoni, akatoa kauli moja ambayo wateja wake wote waliijua kwa moyo. "Vuta pumzi. Yote. Shikilia." Hapo ndipo alipopima, kifua kikiwa kimejaa. Na hata baada ya kupima, alikunja vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, akiba, ili siku nguo ikigoma ifumuliwe na kuachiwa. Waliolia alilia nao, lakini akiba hakuikata. "Nguo si ya picha peke yake," aliwaambia. "Utakula nayo, utacheka nayo, utapanda nayo ngazi." Mwanamke huyohuyo alikwenda akakaa kwenye kiti cha daktari na kuagiza akiba ya uso wake ikatwe yote.

Aliporudi alisema aliteleza kwenye ngazi hukohuko mafunzoni, pua ikavunjika, madaktari wakaiunga. Mdogo wake alimtazama muda mrefu. "Wameiunga vizuri," akasema.

Na kweli ilipendeza. Uvimbe uliposhuka, kwenye bawa la kushoto la kioo alionekana mwanamke mwenye pua nyembamba iliyochongoka, na kwa siku kadhaa fundi alifurahi kama mtoto mwenye viatu vipya. Hewa haikuwa ikipita vizuri, lakini daktari alisema asubiri. Akasubiri mwezi, akasubiri wa pili. Mwezi wa nne alikwenda kwa daktari mwingine, wa masikio na pua na koo, bibi mmoja mkavu asiye na maneno mengi. Alimwambia avute hewa kwa pua huku akimulika kwa tochi.

"Umeona?" bibi daktari akasema akimshikia kioo.

Fundi aliona. Kila alipovuta, kuta za pua zilinyonywa ndani zikakutana, zikafunga.

"Amepunguza sana. Kuta hazina mfupa wa kuzishikilia, na upande huu kuna kovu. Mwaka ukitimia tutachukua kipande cha gegedu, ule mfupa laini wa sikioni, tukiweke kama nguzo humo ndani. Pua itapanuka kidogo. Na siwezi kukuhakikishia kwamba utapumua kama zamani."

Alirudi nyumbani kwa miguu, mdomo wazi.

Maisha ya mdomo wazi yana upweke wake, na asiyeyajua asicheke. Asubuhi aliamka ulimi umekauka kama gunia. Kula kukawa kazi, maana mtu hawezi kutafuna na kupumua kwa mlango mmoja. Anatafuna mara mbili, anatua, anahema, anatafuna tena. Akaacha kukubali mialiko. Mdogo wake alipomwambia aje wale pamoja Jumapili alisingizia kazi, akala peke yake amesimama dirishani. Harufu zilipotea. Siku moja aliunguza kipande cha satini kwa pasi, na aliyemshtua ni jirani wa chini aliyepanda mbio akiuliza kunaungua nini.

Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa kazini. Pini aliziweka sasa kwenye kijimto alichojifunga kwenye kifundo cha mkono, vijana wote hufanya hivyo, kazi haikufa. Ila mdomo ulikuwa mtupu, na wateja walisikia akihema nyuma ya migongo yao. Bibi harusi mmoja aligeuka kwa adabu akauliza, "Fundi, unaumwa?" Mwingine alijikunja, kwa sababu pumzi ilimpata shingoni. Na walipoanza kusimulia mambo yao, wakasikia kimya na mhemo badala ya mhm, walikatiza katikati. "Basi tuyaache hayo," walisema. Aliwahi kujaribu kuguna kama zamani. Ilitoka sauti nyembamba ya mtu mwenye mafua, na mteja akampa kitambaa cha kufutia pua. Polepole wanawake wakaanza kuja kwa ajili ya nguo tu. Walijaribu, wakalipa, wakashuka ngazi. Fundi akabaki na kioo chake na pua aliyoitaka.

Mwezi wa nane tangu upasuaji, binti wa mdogo wake alipanda ngazi hizohizo na furushi la satini nyeupe kwapani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa watoto wa chekechea, na alikuwa anaolewa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hebu simama hapo nikupime."

Binti alisimama mbele ya kioo, mikono kaitanua. Fundi alizungusha futi kifuani, kiunoni, nyongani, akaandika. Ghafla binti akasema, bila kugeuka, "Mama mkubwa, mimi si mtoto wa chekechea. Mtu akianguka kwenye ngazi, pua haiwi nzuri namna hiyo."

Fundi aliangusha kalamu.

"Usiogope, sijamwambia mama. Ila nataka namba ya daktari wako. Nataka niifanye hii ya kwangu kabla ya harusi." Akaigusa pua yake kwa kidole, kama mtu anayeonyesha doa. "Yako imependeza sana. Sijui kwa nini ulificha."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sipumui, mwanangu. Maneno mawili. Lakini hayakutoka, na sababu yake haipendezi. Kusema kungekuwa kukiri uongo wa ngazi, hilo moja. Na jingine, ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake mtu kumwambia ana pua nzuri, na aliyesema ni damu yake. Alitaka kulishika neno hilo walau siku mbili.

"Nitakutafutia," akasema.

Binti alipoondoka, fundi alijichukia. Akakata satini kwa uangalifu kuliko alivyowahi kukata kitambaa chochote, akaunga mishono kwa mkono, akafumua, akaunga tena, kana kwamba gauni likiwa zuri vya kutosha yeye hatalazimika kusema neno. Namba hakuitafuta. Alijidanganya kwamba asipoitoa, jambo litakufa lenyewe.

Halikufa. Baada ya majuma mawili binti alikuja kujaribu gauni, akaingia anacheka. "Usihangaike tena, nimempata mwenyewe. Tarehe nimepewa, Jumatatu ijayo. Utanisindikiza, sivyo? Unishike mkono."

"Jumatatu hii?"

"Ili uvimbe uishe kabla ya picha."

Fundi alimvalisha gauni, akapiga magoti, akaanza na pindo. Satini ile ilikuwa telezi, ukiishika huku inatoroka kule, ikataka mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Kijimto cha mkononi kilizunguka kikaenda upande wa chini. Na kwa sababu akili yake haikuwepo, ilikuwa kwenye Jumatatu, mkono ulifanya ulichofanya miaka ishirini. Ulichomoa pini sita ukazipeleka mdomoni.

Ya kwanza aliipachika. Ya pili akaipachika. Akavuta hewa kwa pua, na kuta zikakutana. Akavuta kwa nguvu zaidi, zikabana zaidi. Macho yakamtoka. Akatema pini zote nne zilizobaki juu ya satini, akapanua mdomo, akahema kwa sauti iliyomtisha hata yeye, mkono mmoja umeshika sakafu.

"Mama mkubwa!"

"Simama... simama palepale, utazikanyaga."

Pini moja ilikuwa imemchoma mdomo wa chini. Tone la damu lilikuwa limedondoka kwenye ukingo wa gauni, dogo tu, jekundu sana. Kwa hilo mafundi wana dawa ya tangu zamani: damu yako itoe kwa mate yako mwenyewe, papo hapo, kabla haijakauka. Fundi aliinamia doa akakusanya mate. Hayakuwepo. Alijaribu tena, ulimi ukazunguka mdomoni ukirudi mkavu. Miezi minane ya kupumulia mdomo ilikuwa imeukausha kabisa, na hapo, akiwa amepiga magoti mbele ya tone dogo la damu yake asiweze kulifuta, alianza kulia.

Binti alichuchumaa na gauni lake lote. Aliokota pini moja moja, akazifuta kwa ncha ya kitambaa, kisha akasimama tena mbele ya kioo na kuzitia mdomoni mwake, zote nne, kama alivyomwona mama yake mkubwa akifanya tangu akiwa chini ya meza. Akateremsha mkono na pini ya kwanza kati ya vidole.

Fundi aliipokea. Ilikuwa na joto. Akalikunja lile doa ndani ya pindo, mahali ambapo macho ya watu hayafiki, akapachika. Na akasema.

"Sikuanguka kwenye ngazi."

"Mhm," binti akaguna.

"Daktari hakunikosea. Alitaka kupunguza kidogo. Mimi ndiye niliyemwambia zaidi."

"Mhm." Pini ya pili ikateremka.

Alisema yote. Kopo la maua alilisema, na bawa la kushoto la kioo, na Jumapili alizokula amesimama dirishani, na bibi daktari na tochi yake, na kwamba hajui kama atapona. Miaka ishirini alisikiliza ya watu, na sasa alikuwa akimwaga yake kwenye mgongo wa mtoto aliyemlea, na kila alipokwama, juu ya kichwa chake ilisikika pua ya baba yake ikivuta hewa taratibu, bila shida yoyote, na kuguna. Ile ya endelea, nakusikia.

Alipofika kiunoni alisimama. Binti alikuwa amebakiwa na pini moja.

"Vuta pumzi," fundi akamwambia. "Yote. Shikilia."

Binti alivuta. Matundu yakafunguka, kifua kikapanda mpaka satini ikanyooka. Fundi alipima, akaacha vidole viwili, akapokea pini ya mwisho na kuipachika. Ndipo binti akapata mdomo wake.

"Shuleni walikuwa wananiita Mapua," alisema akiangalia kioo. "Uliwahi kujua?"

"Hapana."

"Nilikuwa nakuja hapa, nakaa chini ya meza nakuangalia. Najiambia, mama mkubwa naye anayo, na watu wanapanga foleni mlangoni kwake. Basi sina ubaya." Akaigusa pua yake. "Halafu ukaenda ukaitoa. Nikabaki nayo peke yangu."

Fundi alitaka kuguna. Ile mhm ya pole, aliyowapa wanawake asiowajua hata majina, sasa ilihitajika kwa huyu mmoja. Akafunga midomo akajaribu. Ilikwama nyuma ya pua, ikatoka kipande, ikakatika. Ikabidi afungue mdomo.

"Nisamehe, mwanangu."

Binti alivua gauni kwa uangalifu, pini zisimchome, akavaa nguo zake, akachukua mkoba. Mlangoni akageuka. "Jumatatu siendi. Lakini usidhani nimeshakusamehe."

"Sawa."

"Na Jumapili utakuja kula kwetu. Ukihema, hema."

Alishuka ngazi akikimbia. Fundi alimsikia mpaka ghorofa ya chini, kisha hakumsikia tena. Akakunja mabawa ya kioo, akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona pindo lile lenye doa ndani yake, mdomo wazi.